Pikapu ya kabeji: niweke oili gani, na nibadilishe lini?

Fundi, salamu nyingi kutoka Kangemi.

Mimi ni mfanyabiashara wa mboga. Miaka miwili iliyopita nilipokea mgao wangu wa chama, nikaongeza mkopo mdogo, nikanunua Hilux D-4D ya mwaka 2010, dizeli ya lita 2.5. Wakati huo ilikuwa na kilomita 262,000. Leo imefika 318,000, na ndiyo inayosomesha watoto wangu watatu.

Dereva ni shemeji yangu. Anatoka saa tisa usiku, anapanda Limuru kupakia kabeji na sukuma wiki, na alfajiri yuko Marikiti anashusha. Akimaliza hapo anapeleka mizigo ya shule na hoteli za Eastlands, na huko ni foleni tu, Jogoo Road na Outering, mpaka saa saba mchana. Kwa siku gari linatembea kama kilomita 95. Pale sokoni haizimi injini, kwa sababu kila dakika anaambiwa asogee.

Shida yangu ni kwamba kila mtu ana oili yake. Fundi wangu wa Kirinyaga Road anasema injini iliyozeeka inataka oili nzito, 20W-50, ibadilishwe kila kilomita 5,000. Shemeji anataka tununue sinthetiki 5W-30. Anasema ni ghali lakini tutakaa nayo kilomita 15,000, kwa hiyo mwishowe ni nafuu. Kijana wa kituo cha petroli akaniambia oili yoyote ya dizeli ni sawa, nibadilishe kwa 10,000. Mimi nimekuwa nikifuata mfuko: nanunua iliyopo, nabadilisha nikipata pesa.

Tena sina imani na wauzaji. Mwaka jana gereji moja ilinitoza oili ya lita 7. Nilipotazama nikaona mkebe mmoja tu wa lita 5. Nilipouliza zile mbili ziko wapi, nikaambiwa zimepimwa kutoka kwenye pipa. Na oili nikiweka leo, kesho kutwa ni nyeusi kama makaa. Je, nauziwa oili iliyokwisha tumika?

Vinginevyo gari halina neno. Huwa tunaongeza kama nusu lita kati ya servisi moja na nyingine. Asubuhi kukiwa na baridi ile taa nyekundu ya oili hukawia kidogo kuzimika, na kuna mlio wa chuf chuf mpaka injini ipate joto, lakini baada ya hapo inavuta vizuri sana hata ikiwa na mzigo. Fundi amependekeza aisafishe ndani kwa dizeli kabla ya kuweka hiyo 20W-50. Nikubali?

Nisaidie, maana sitaki ugomvi na shemeji, na sina pesa ya injini nyingine.

Mama wa Kabeji, Kangemi

*

Mama wa Kabeji, pole kwa kuvutwa huku na huku, na asante kwa kuandika kila kitu bila kuficha. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona swali la oili. Mara ya pili nikakwama kwenye sentensi uliyoipita mbio, ile ya taa nyekundu inayokawia kuzimika na mlio wa chuf chuf. Tuanzie hapo, kwa sababu ninachokishuku kikiwa kweli, hakuna oili ya bei yoyote itakayoiokoa hiyo injini.

Gari lako lina injini ya Toyota ya familia ya KD, na hiyo ya lita 2.5 huitwa 2KD. Ni injini ngumu, lakini ina ugonjwa wake ambao mafundi wanaujua. Kila injekta, ile inayonyunyiza dizeli ndani ya silinda, imekalia kipete cha shaba, na injekta zenyewe zinapita ndani ya kifuniko cha vali, mahali ambapo oili inarukaruka muda wote. Kipete kikichoka, moto wa silinda hupenya kando ya injekta na kuingia humo juu. Huo ndio mlio wa chuf chuf unaousikia gari likiwa baridi. Vyuma vikishapata joto vinatanuka, mwanya unabana, mlio unanyamaza, na dereva anadhani gari limepona. Kumbe ule moshi umekuwa ukiipika oili. Masizi yanagandamana, yanakuwa kama lami, yanateremka taratibu hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Na huko chini kuna chujio dogo la waya, mafundi huliita streina, ambalo pampu hunyonya oili kupitia kwake.

Nimewahi kufungua sampu ya pikapu kama yako iliyoletwa ikivutwa kwa kamba. Kijiti cha kupimia kilionyesha oili imejaa mpaka alama ya juu. Nilipoishika streina mkononi, robo tatu ya wavu ilikuwa imefunikwa na ukoko mweusi, mgumu kiasi kwamba ukucha haukuingia. Mwenyewe alikuwa amebadilisha oili mwezi uliotangulia, na risiti alikuwa nayo. Injini ilikufa kwa kiu huku oili imejaa tele chini yake. Tangu siku ile, mtu akiniambia chuf chuf na taa inayokawia kwa pamoja, sijadili tena namba za mkebe kabla ya kuona streina.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, wiki hii, ni kumwambia fundi amwage oili na kufungua ile sampu ya chini. Si kazi ya kubomoa injini. Simama hapo, mwambie akuonyeshe streina kwa macho yako. Ikiwa na ukoko, ifutwe au ibadilishwe, halafu vipete vyote vinne vya injekta viwekwe vipya pamoja na sili zake. Asibadilishe kimoja akaacha vitatu, kwa kuwa vyote vimetembea kilomita zilezile. Ikiwa streina ni safi, basi taa inayokawia huenda inatokana na filta duni. Ndani ya filta nzuri kuna kiwambo cha mpira kinachozuia oili isirudi chini gari likiwa limelala. Filta za bei ya kutupwa, kiwambo hicho ama ni kigumu kama plastiki ama hakifungi, kwa hiyo kila asubuhi pampu huanza kujaza njia tupu. Lakini hata hivyo chuf chuf itabaki inadai maelezo, na injekta zikaguliwe.

Kuhusu kusafisha kwa dizeli, kataa. Kwa upole, lakini kataa. Injini yenye kilomita 318,000 na historia isiyojulikana ina uchafu ulioshikamana kwenye kuta. Ukimimina dizeli ndani na kuiwasha, unaung'oa uchafu huo kwa vipande, na vipande vyote vinakimbilia mahali pamoja, kwenye streina. Tena kwa hizo dakika kumi beringi zinazunguka juu ya dizeli, ambayo haina unene wa kuzibeba. Oili nzuri ya dizeli ina sabuni yake ndani. Ukiibadilisha mara mbili kwa kilomita 2,500 kila mara, itaosha polepole na uchafu utatoka na oili pamoja na filta.

Sasa tuje kwenye mkebe. Zile namba zinazowagombanisha si ngumu. Katika 15W-40, namba inayotangulia W inasema oili inavyotiririka kwenye baridi, na W yenyewe ni ya winter, majira ya baridi ya Wazungu. Oili ya 15W hupimwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri, ile ya 5W katika nyuzi 30 chini ya sufuri. Nairobi mwezi wa Julai asubuhi inashuka hadi nyuzi 10 hivi, Limuru chini kidogo ya hapo. Kwa hiyo 15W kwetu inawasha gari bila shida yoyote. Namba ya pili, 40, ni unene wa oili ikiwa imepata joto la nyuzi 100, yaani gari likiwa kazini. Hiyo ndiyo inayokuhusu ukipanda na tani ya kabeji.

Gari lako mimi nalipatia 15W-40. Ile 20W-50 ya fundi wako si sumu, na alikoitoa nakujua. Injini ikianza kugonga au kula oili, oili nzito huficha sauti na kupunguza moshi kwa muda. Lakini gari lako linakula nusu lita kati ya servisi, na kwa umri huo hiyo si hoja. Halina ugonjwa ambao oili nzito ingeuficha. Lina dalili ya oili kuchelewa kufika juu asubuhi, na oili nzito itaichelewesha zaidi, hasa kwenye tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inayozunguka kwa kasi kubwa mno.

Kuliko namba hizo, mimi natazama zaidi herufi ambazo wengi hawazisomi. Geuza mkebe, tafuta neno API, yaani taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga viwango vya oili. Herufi zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli, na kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo kiwango kilivyo kipya. CF-4 ni ya tangu mwaka 1990. CI-4 ilikuja 2002, ikatengenezwa kwa ajili ya injini zinazorudisha sehemu ya moshi wake ndani, zenye masizi mengi kwenye oili. CK-4 ni ya mwishoni mwa 2016. Wewe chukua 15W-40 iliyoandikwa CI-4, au CK-4 kama bei hazipishani sana. Mkebe ukiandikwa CI-4/SL maana yake unafaa dizeli na petroli pia, hauna ubaya. Ulioandikwa "kwa dizeli" bila herufi yoyote, urudishe kwenye rafu. Huyo kijana wa kituo cha petroli alikosea hapo: neno dizeli peke yake halisemi kitu.

Kwa wasomaji wengine wenye pikapu mpya zaidi zenye chujio la masizi kwenye ekzosi, msifuate ninayomwambia huyu mama. Chujio hilo huzibwa na majivu ya oili ya kawaida. Fuateni kitabu cha gari, ambacho kwa kawaida kitawataka mtumie oili ya majivu machache.

Weusi usikutishe, mama. Oili ya dizeli kuwa nyeusi siku ya pili maana yake sabuni yake inafanya kazi, imebeba masizi yaliyokuwa yameganda ndani. Ningeogopa oili ambayo baada ya mwezi ingali ina rangi ya asali. Badala ya rangi, fanya hivi. Gari lisimame mahali tambarare, lizimwe, ungoje dakika tano. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Weka tone kati ya kidole gumba na cha shahada, usugue. Iwe laini. Ukihisi chembechembe kama unga wa mahindi, vumbi limeingia, kakague filta ya hewa, maana zile barabara za vumbi za mashambani ndizo zinazoua ringi za pistoni. Nusa: ikinuka dizeli, au ikiwa kipimo kinapanda badala ya kushuka, kuna injekta inayovuja. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia, na hapo gari lisiwashwe tena. Hii ifanyike kila Jumatatu, na anayeifanya awe yuleyule kila mara, ili mkono wake uzoee.

Suala la kilomita ndilo linalowachanganya watu wa Nairobi kuliko lote. Kilomita hazijui kama gari limesimama. Wewe umenipa hesabu nzuri: kilomita 95 kwa siku. Tuseme 55 ni za usiku, barabara nyeupe, kwa kasi ya 50. Hiyo ni saa moja na dakika chache. Arobaini zilizobaki ni za mjini mchana, kwa kasi ya 12 hivi, zaidi ya saa tatu.  Ni kama saa nne na nusu za injini kila siku, hata kabla ya kuhesabu pale sokoni inaponguruma bila kwenda popote. Kilomita 5,000 unazimaliza kwa siku 53, na ndani yake mna karibu saa 240. Watu wa trekta na jenereta, ambao hawana kilomita za kuhesabu, kwa kawaida hubadilisha oili kwa saa 250. Mmefika palepale.

Sasa pima pendekezo la shemeji: kilomita 15,000 kwenye kazi yenu ni zaidi ya saa 700. Sinthetiki ni oili nzuri kweli, inavumilia joto kuliko ya kawaida. Lakini haipunguzi masizi yanayoingia, wala vumbi, na ile sabuni inaisha kwa kutumika hata kama oili yenyewe ni imara. Mwenye pikapu hiyohiyo anayeshinda Nairobi–Nakuru kwa mwendo wa 80 anaweza kufika 10,000 ya kitabu bila kosa, kwa sababu yeye amechoma saa 125 tu. Shemeji huenda ameongea na mtu kama huyo. Mwonyeshe hesabu, si lazima umwambie amekosea.

Kuna wazee watakaokwambia 5,000 ilikuwa sheria tangu enzi zao. Ni kweli, na sababu moja ilikuwa dizeli yenyewe. Salfa ya dizeli huzaa asidi ndani ya oili. Tangu Januari 2015 dizeli yetu ilishushwa hadi salfa ya sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500, kwa hiyo sababu hiyo imepungua nguvu. Foleni na vumbi havijapungua. Basi kwako: baada ya streina kushughulikiwa, badilisha kwa 2,500 mara mbili, kisha 5,000 bila kupitisha. Biashara ikilala, gari likasimama, miezi sita ikifika badilisha hata kama kilomita hazijatimia. Filta ibadilishwe kila mara. Filta ikiziba, kuna vali inayofunguka na kupitisha oili bila kuchujwa, na oili yako mpya inaanza kazi ikiwa chafu.

Ile ya lita 5 na pipa imeniuma, kwa sababu naijua. Injini yako inachukua karibu lita 7 na filta. Mkebe ni wa lita 5, na hizo mbili za mwisho ndizo mlango wa wizi. Nunua mwenyewe: mkebe mmoja wa lita 5 na mikebe miwili ya lita moja, kwenye kituo kikubwa cha mafuta au duka linalotoa risiti. Kagua kifuniko kama pete yake haijakatika. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina namba ya kibali chini yake. Tuma SM, alama ya #, kisha namba hiyo kwenda 20023, nao watakujibu ni bidhaa ya nani. Nenda na oili yako gereji, na oili ikishamiminwa, rudi nyumbani na mikebe mitupu ukaitoboe. Mikebe mizima inayobaki gereji ndiyo inayojazwa tena oili ya pipa na kuuziwa mama mwingine. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Mitaro ya upande wa Grogan, huko kwenye gereji za Kirinyaga Road, inaishia mto Nairobi, na kuna watu wanaonunua sukuma wiki zilizomwagiliwa kwa maji hayohayo kule mto unakoteremkia.

Usijaze kupita alama ya juu ukidhani unaipenda injini. Kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikigusa oili inaipiga mpaka povu, na povu halibebi beringi.

Kuhusu shemeji, mnunulie daftari la mistari la kuwekwa kwenye dashibodi. Kila siku aandike kilomita, saa alizowasha na kuzima, na kila oili inapoongezwa aandike kiasi. Yeye ndiye anayesikia hiyo injini kila alfajiri, na barua yako isingenisaidia kama hangekuwa amekuambia habari ya mlio na taa. Mkabidhi pia Jumatatu ya kijiti. Na mpe neno moja kutoka kwangu kabla hajatoka usiku wa leo: siku taa hiyo nyekundu ikiwaka gari likiwa safarini, azime injini hapohapo, hata akiwa katikati ya Waiyaki Way na kabeji zote mgongoni, ndipo akupigie simu.